Je, Wajua? Betri ya Moyo Haifi Pamoja na Mwenyewe

Mtu aliyewekewa betri ya moyo akifariki, betri ile haina habari. Chini ya ngozi, karibu na bega, kijisanduku cha titani chenye uzito wa gramu 20 hadi 30 huendelea kutuma umeme kwenye moyo usioitika tena. Betri hizi hutengenezwa zidumu miaka minane hadi kumi na miwili hivi, na wengi wanaowekewa ni wazee, kwa hiyo si ajabu mwenyewe akatangulia na kuiacha na miaka kadhaa ya kazi. Penye desturi ya kuchoma maiti, kifaa hiki ni lazima kitolewe kwanza, maana seli yake ya lithiamu hulipuka ikipata moto mkali. Mlipuko wa kwanza wa aina hiyo kuripotiwa ulitokea mwaka 1976 kwenye tanuri la kuchomea maiti huko Solihull, Uingereza. Kinatolewa, basi, na baada ya hapo mara nyingi hutupwa. Mimi nashikilia kwamba kutupa huko ni kosa: betri iliyo nzima, ikikaguliwa na kusafishwa ipasavyo, inafaa kupewa mgonjwa ambaye bila hiyo hana tiba. Ushahidi wa kuliunga mkono jambo hili upo, na wanaolipinga wana hoja zinazostahili majibu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu uzito wa hoja uko hapo. Moyo una mfumo wake wa umeme. Cheche huanzia kwenye fundo dogo la chembe katika chumba cha juu cha kulia, hupita kwenye njia moja nyembamba katikati ya moyo, kisha husambaa kwenye vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Njia hiyo ikikatika kabisa, kwa uzee, kwa kovu, kwa maambukizi au kwa mtoto kuzaliwa hivyo, vyumba vya chini havisimami papo hapo. Vina mdundo wao wa akiba, lakini ni wa polepole, mapigo 30 au 40 kwa dakika, na hauaminiki. Mara unakatika kwa sekunde kadhaa, mgonjwa anaanguka, anatetemeka, kisha anaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni rahisi kuambiwa ana kifafa, au kwamba amepandisha majini, na akazungushwa huku na huko muda mrefu bila mtu kumshika mkono na kuhesabu mapigo. Mwingine haanguki. Yeye huchoka, miguu inavimba, pumzi inakata akilala chali, kwa kuwa moyo unaopiga mara 35 haufikishi damu ya kutosha na taratibu unatanuka na kushindwa kazi. Kabla ya betri kuvumbuliwa, karibu nusu ya waliokatikiwa njia hiyo kabisa hawakumaliza mwaka. Dawa? Zipo sindano na dripu za kuharakisha mapigo kwa saa au siku chache hospitalini. Kidonge cha kumeza nyumbani kikarudisha njia iliyokatika hakipo. Magonjwa mengi ya moyo humpa daktari nafasi ya kujaribu dawa hii au ile. Hili halimpi.

Ndiyo maana betri ya kwanza kuzikwa yote mwilini ilitokana na shinikizo la mke wa mgonjwa. Arne Larsson, mhandisi Msweden wa miaka 43, alikuwa akizimia hadi mara 30 kwa siku. Mkewe, Else-Marie, alimwandama daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali. Elmqvist alimimina gundi ngumu ya epoksi ndani ya kopo la kiwi cha viatu ili apate umbo la kifaa, na tarehe 8 Oktoba 1958, katika Hospitali ya Karolinska karibu na Stockholm, kikapandikizwa. Kilikufa baada ya saa chache, ikabidi kiwekwe kingine. Larsson aliishi hadi mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Alibadilishiwa vifaa hadi vikafika 26, na akawazika wote wawili, daktari wake na mhandisi wake. Kwa nini 26? Kwa sababu betri za enzi zile ziliisha upesi na nyaya zilikatika. Katika miaka ya 1970 ilipokuja seli ya lithiamu na iodini, iliyotetewa hasa na Mmarekani Wilson Greatbatch, mambo yaligeuka: betri ikaanza kudumu kuliko wengi wa waliowekewa. Swali la kuitumia tena lilizaliwa na ubora huo.

Sasa tazama kinachotendeka. Kuweka betri ya kawaida ni kazi ya saa moja hivi. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, waya hupitishwa kwenye mshipa wa damu hadi chumba cha chini cha kulia, ncha yake inajishika ukutani mwa moyo, kisha kisanduku kinafichwa chini ya ngozi. Waliokuwa wakizimia mara nyingi huamka kesho yake wakiwa watu wengine. Ni vigumu kutaja matibabu ya moyo yanayorudisha uhai kwa haraka hivyo na kwa kisu kidogo hivyo. Hata hivyo, uchunguzi wa madaktari wa moyo wa Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika nchi ya katikati ya orodha huwekwa betri 2.66 tu kwa mwaka kwa kila watu milioni moja. Ulaya Magharibi ni mamia. Moyo wa Mwafrika hauna njia ya umeme imara kuliko ya Mzungu. Kinachotofautiana ni mfuko, kwa kuwa kifaa na waya wake vinaweza kugharimu maelfu ya dola, na pia ni uhaba wa wenye ujuzi, ingawa upande huu hali inabadilika: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015, huweka betri hizi, na hospitali kadhaa za Nairobi vilevile. Daktari akishapatikana na kifaa kikakosekana, ujuzi wake unakaa bure mbele ya mgonjwa anayeweza kupona.

Je, kifaa kilichowahi kutumika ni salama? Waliojibu mapema ni Waswidi walewale. Mwaka 1998 madaktari wa Stockholm walilinganisha wagonjwa 100 waliowekewa betri zilizotumika na 100 waliowekewa mpya, wote ndani ya Sweden, na hawakuona kwamba zilizotumika zilikuwa na madhara zaidi. Mwaka 2011 ulitoka uchambuzi uliounganisha tafiti 18 zenye wagonjwa 2,270: maambukizi yalikuwa asilimia 1.97, bila tofauti ya uhakika na betri mpya. Kisha mwaka 2020 mpango wa Montreal, Kanada, uliokuwa ukituma vifaa Mexico, Jamhuri ya Dominika, Guatemala na Honduras, ulitoa hesabu yake. Kati ya wagonjwa 1,051 wenye vifaa vilivyotumika, asilimia 2.0 walipata maambukizi ndani ya miaka miwili; kati ya Wakanada 3,153 wenye vifaa vipya, asilimia 1.2. Kitakwimu tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati tu, lakini tusiifunike: inaweza pia kuwa ya kweli. Hata ikiwa ya kweli, makundi haya mawili hayakupasuliwa katika hospitali za aina moja, na usafi wa chumba cha upasuaji una sehemu kubwa katika maambukizi. Dawa ya shaka hiyo ni kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu ndani ya hospitali zilezile. Chuo Kikuu cha Michigan kilifanya hivyo kwa wagonjwa karibu 300 katika nchi saba, Kenya ikiwemo, na mwezi Novemba 2024 watafiti wakatangaza kuwa betri zilizosafishwa upya hazikuwa duni kwa upande wa maambukizi katika siku 90 za mwanzo. Siku 90 si miaka kumi. Lakini maambukizi yanayotokana na upasuaji wenyewe mara nyingi hujitokeza katika muda huo.

Pingamizi la kwanza, na ninaloliheshimu kuliko yote, ni la utu. Marekani hairuhusu raia wake kuwekewa betri iliyotumika. Kwa nini basi sisi tuletewe mitumba hadi ndani ya moyo? Jibu rahisi ni kwamba Mmarekani anachagua kati ya betri mpya na iliyotumika, wakati mgonjwa wa Kigoma au wa Garissa anachagua kati ya iliyotumika na kukosa kabisa. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi, kwa sababu kukosa kabisa si amri ya maumbile. Ni matokeo ya bajeti na bima. Basi naongeza: serikali ibaki na deni la kununua vifaa vipya, na mgonjwa aambiwe wazi kifaa kimetoka wapi, ahiari mwenyewe. Na mfano wa Sweden unaonyesha kuwa taifa tajiri liliwahi kuwawekea watu wake vifaa hivyo bila kuona limewadhalilisha. Kuhusu heshima ya marehemu, sehemu kubwa ya vifaa hivi hutolewa kwa watu ambao miili yao ingechomwa, ambako kutolewa hakuepukiki, au kwa wagonjwa walio hai wanaobadilishiwa. Penye mazishi ya udongoni, idhini ya familia ndiyo inayoamua, na familia ikikataa, jambo limekwisha.

Pingamizi la pili ni la kiufundi. Mtengenezaji ameandika kwamba kifaa ni cha kutumika mara moja tu. Maandishi hayo yanasema mtengenezaji yuko tayari kudhamini nini. Hayathibitishi kwamba kifaa kimeharibika siku mwenyewe alipokufa. Uzito zaidi uko kwenye jambo ambalo uchambuzi wa mwaka 2011 haukulificha: hitilafu za vifaa vilivyotumika zilikuwa asilimia 0.68, kiwango kidogo lakini kikubwa kuliko cha vipya, na chanzo kikuu kilikuwa skrubu ndogo za kubania waya, ambazo huenda ziliumizwa wakati wa kutoa kifaa. Hapa pingamizi linageuka kuwa maelekezo ya kazi. Skrubu hukaguliwa, uwezo wa betri hupimwa na zenye umri mdogo uliobaki hukataliwa, taarifa za mwenyewe wa awali hufutwa, kifaa husafishwa na kuuliwa vijidudu kwa gesi ya ethilini oksaidi, na waya huwa mpya daima.

Hoja ina nguvu zaidi tukifika kwa moyo ulioshindwa kazi. Si kila moyo dhaifu unaofaa waya mmoja. Kuuchochea upande wa kulia peke yake kunaweza kuuvuruga mpangilio wa kusukuma na kumzidishia mgonjwa, kama jaribio moja la Marekani lilivyoonyesha mwaka 2002. Baadhi ya wagonjwa wanahitaji kifaa kinachochochea pande zote mbili kwa pamoja. Katika jaribio la Ulaya la mwaka 2005 lenye wagonjwa 813, kifaa hicho kilipunguza vifo. Wengine wanahitaji kile kinachoushtua moyo ukianza kutapatapa. Bei za hivi viwili ni za juu zaidi. Huko Mumbai, India, wagonjwa 81 waliwekewa vifaa vya kushtua moyo vilivyotoka Marekani baada ya kutumika, na taarifa ya mwaka 2012 ilieleza kuwa kwa zaidi ya nusu yao kifaa kiliingilia kati kuzima mdundo wa hatari, bila maambukizi hata kwa mmoja. Watu hao wasingekuwa na kifaa kipya cha kulinganisha nacho.

Linabaki pingamizi ambalo silipingi hata kidogo: msaada bila ufuatiliaji ni hatari. Kila kampuni ina kompyuta yake ya kusoma na kurekebisha betri zake, kwa hiyo hospitali inayopokea vifaa vya kampuni nne inahitaji kompyuta nne na fundi anayezijua. Betri iliyobakiwa na miaka mitano itaisha baada ya miaka mitano, na kliniki iwe na njia ya kumwita mgonjwa kabla. Kuna pia suala ambalo halitajwi vya kutosha. Mara kwa mara watengenezaji hugundua kasoro katika toleo fulani na kuwatafuta wenye kifaa hicho kwa namba yake. Namba ya kifaa kilichohama kutoka Michigan hadi Nairobi itaonyesha jina la mtu aliyekwisha kufa. Kwa hiyo kila nchi inayokubali betri hizi inahitaji daftari la taifa lenye namba ya kifaa, jina la aliyewekewa sasa, simu yake na ya ndugu wa karibu, na mtumishi anayelipwa mshahara kulilinganisha na matangazo ya watengenezaji kila mwezi.