Deraya ya Shujaa kwa Gharama Ndogo

Wapo watoto, na wapo pia watu wazima wenye ndevu zao, ambao wakiisha kutazama filamu ya mashujaa hawatosheki na kuisimulia, wataka kuivaa. Huko Marekani jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi uliofanyika mjini New York, Forrest Ackerman na Myrtle Jones walitokea wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo, yaliyoshonwa na Bibi Jones mwenyewe. Mkutano wa San Diego ulioanzishwa mwaka 1970 leo hukusanya watu zaidi ya laki moja, na wengi miongoni mwao huja na deraya walizozitengeneza mezani kwao, usiku, baada ya kazi.

Deraya iliyokamilika ikinunuliwa dukani ni ghali, na si haki mshahara wa askari uishie kwenye kofia ya mchezo. Lakini ile ya kujitengenezea yawezekana, mradi mwanzo uwe wa busara.

Busara ya kwanza ni kuchagua shujaa anayefaa. Wengi hukimbilia deraya nyekundu na ya dhahabu ya Iron Man, yenye kung'aa kama gari jipya, ambayo kila mkwaruzo mdogo huonekana. Hao husahau kwamba shujaa huyo alipotokea kwa mara ya kwanza, mwaka 1963, deraya yake ilikuwa ya kijivu, nene na isiyo na urembo. Na katika filamu ya mwaka 2008 twamwona akiiunda pangoni kwa vipande vya silaha. Deraya ya namna hiyo ndiyo rafiki wa fundi mgeni. Mshono ukienda upande, waonekana ni wa makusudi.

Anayependa mambo ya karibu na kwetu atazame Black Panther ya mwaka 2018, ambayo mavazi yake yalimpatia Ruth Carter tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Kwa ajili ya wale wanawake walinzi wa mfalme alichukua mawazo kutoka kwa Wamaasai, wekundu wao na shanga zao. Na mmoja wa waigizaji waliovaa deraya hizo, Florence Kasumba, alizaliwa Kampala. Mama ajuaye kutunga shanga yuko mbele ya wengi katika kazi hii.

Sasa vifaa. Kwa mtoto mdogo, maboksi ya katoni, gundi na rangi vyatosha kabisa, wala hakuna haja ya kwenda mbali zaidi. Kwa deraya ya kudumu, mafundi wa Marekani hutumia sponji ngumu, ya jamaa moja na ile ya ndala. Huuzwa kama mikeka ya vyumba vya watoto, vipande vya mraba vya sentimita 60 vyenye meno ya kufungamana. Mikeka minne hadi sita yatosha kifua, mgongo na mabega. Iliyo nene, kama milimita 10, ni ya kifua. Ya milimita 5 ni ya mikono na chapeo. Usinunue yote kwa siku moja. Maliza bega moja kwanza, ndipo ujue kama moyo wako umo kazini au ulikuwa umependa filamu tu.

Kipimo hupatikana hivi: vaa fulana iliyochakaa, jizungushie kifuani karatasi ya nailoni bila kujikaza, kisha mwenzako aipake juu yake utepe wa karatasi wa wapaka rangi. Shingo na uso visiguswe. Achore mistari ya vipande kwa kalamu, akate taratibu kwa mkasi, na hapo una ramani ya mwili wako. Ihamishie kwenye katoni, uijaribu mwilini ukiinua mikono na kuketi. Katoni ikikosewa hutupwa. Sponji ikikosewa ni fedha.

Kata kwa kisu cha wembe kikali, ukikinoa au kubadili wembe mara kwa mara, kwa maana kisu butu huchana badala ya kukata, tena hutelezea vidoleni. Kingo mbili zikikatwa kwa mshazari wa nyuzi 45 na kuunganishwa, hutoa pembe safi ya mraba. Bega la mviringo hupatikana kama fundi cherehani afanyavyo kwenye kifua cha gauni: toa pembetatu nyembamba, unganisha kingo zake, nalo litajikunja lenyewe.

Gundi ni ile ya washona viatu. Paka pande zote mbili, subiri kama dakika 10 hadi isishike kidole, kisha bana. Ikigusana imegusana, hakuna kurudi nyuma. Hapa ndipo penye hatari. Mivuke ya gundi hii hulevya, hudhuru ubongo na mapafu, na hushika moto upesi. Nyumba nyingi za kambini ni chumba kimoja au viwili, mtoto mchanga amelala na jiko li karibu. Kazi hii haifanywi humo. Fanya uani, mchana, mbali na moto na sigara, na mtoto asiachiwe kopo. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi la msasa, haizuii mivuke.

Kabla ya rangi, pitisha hewa ya moto ya mashine ya mafundi juu ya sponji hadi ing'ae kidogo. Vitundu vyake hufunga. Kisha paka gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mara tatu au nne, ukiacha ikauke kila mara. Rangi nyeusi hutangulia pote. Juu yake, kwa brashi iliyo karibu kavu, gusa kingo tu kwa rangi ya fedha. Ghafla sponji ya ndala yafanana na chuma kilichotoka vitani.

Mikanda iwe ya lastiki, makwapa yaachwe wazi, na matundu ya macho yawe mapana, kwani mvaaji haoni ngazi iliyo miguuni pake. Mwenye sare ya kazi asiikate wala asimvike mtoto. Sheria za nchi zetu haziruhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi, nayo ni mali ya serikali.

Sponji haipitishi hewa. Mtoto avue kila baada ya nusu saa, anywe maji. Sherehe ikiisha, deraya itundikwe kivulini, kwani jua kali hulegeza gundi na kuipinda dirii yote.