Rafadha ndiyo mwamuzi: Kwa nini ndege kongwe za mashindano haziwezi kuupita mwendo fulani

MNAMO Agosti 14, 1979, rubani Mmarekani Steve Hinton, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alirusha ndege ya kivita ya zama za Vita vya Pili vya Dunia juu ya jangwa la Nevada kwa wastani wa kilomita 803 kwa saa. Ilikuwa rekodi ya dunia kwa ndege zinazotumia injini za pistoni. Mnamo Septemba 2, 2017, mwanawe, ambaye pia huitwa Steven Hinton, alifikisha wastani wa kilomita 855 kwa saa katika jimbo la Idaho. Ndege zote mbili zilikuwa za aina ya Mustang, zikiwa zimefanyiwa marekebisho makubwa.

Baina ya baba na mwana ilipita miaka 38. Katika muda huo kompyuta zilizagaa, mafuta na metali zikaboreshwa, na mafundi wakajifunza kukamua nguvu zaidi kutoka kwa injini zile zile. Hata hivyo, faida yote hiyo ilikuwa kilomita 52 pekee. Tukirudi nyuma zaidi, Mjerumani Fritz Wendel alikuwa amekwisha kufikisha kilomita 755 kwa saa mwaka wa 1939. Yaani miaka 78 ya jitihada, fedha na vifo vya marubani imezalisha ongezeko la kilomita 100 tu.

Ni nini kinachozizuia ndege hizi? Watazamaji wengi huvutiwa na ngurumo ya injini, lakini jibu limo puani mwa ndege, katika rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka na kuivuta ndege mbele. Injini huzalisha nguvu. Rafadha ndiyo huamua ni kiasi gani cha nguvu hizo kitakachogeuka kuwa mwendo.

MASALIO YA VITA

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Marekani ilibaki na maelfu ya ndege ambazo jeshi halikuzihitaji tena. Mustang pekee zilikuwa zimeundwa zaidi ya 15,000. Ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na marubani waliotoka vitani wakazinunua kwa ajili ya mashindano yaliyofanyika Cleveland. Furaha hiyo ilikatizwa mwaka wa 1949, wakati ndege ya mashindano ya rubani Bill Odom ilipoangukia nyumba na kumuua yeye, mama mmoja na mtoto wake.

Mashindano ya ndege kubwa yalififia hadi mwaka wa 1964, yalipofufuliwa mjini Reno, Nevada. Huko ndege zilizunguka minara iliyosimikwa jangwani, zikiruka makumi machache tu ya mita juu ya ardhi. Kila timu ilikuwa na mbinu zake: mabawa yalikatwa ncha, kioo cha rubani kikapunguzwa, na kila upenyo uliokinza hewa ukazibwa. Injini ya Merlin ya Mustang, iliyoundwa kutoa nguvu za farasi zisizofika 1,800 hata wakati wa dharura vitani, ilisukumwa hadi zaidi ya 3,000.

Lakini nguvu hazileti mwendo kwa kipimo sawa. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kasi kubwa, kiasi kwamba nguvu zinazohitajika hupanda kwa mraba mchemraba wa mwendo. Ili kutoka kilomita 803 za baba hadi 855 za mwana, ndege yenye umbo lile lile huhitaji nyongeza ya takriban asilimia 20 ya nguvu. Na nguvu hizo zote lazima zipitie kwenye rafadha.

BAWA LINALOZUNGUKA

Panga la rafadha ni bawa dogo. Bawa la ndege hukata hewa likaiinua ndege juu. Panga hukata hewa likizunguka, likaivuta ndege mbele. Kama vile mpiga kasia anavyojua kwamba kasia likilazwa vibaya huchapa maji bila kusogeza mtumbwi, ndivyo panga linavyotegemea pembe yake. Ndege inapoanza kukimbia uwanjani, pembe ndogo hufaa. Inapokwenda kasi, hewa huijia kwa nguvu, na panga sharti ligeuzwe liwe na pembe kubwa, la sivyo litazunguka bure.

Rafadha za awali zilikuwa na pembe moja isiyobadilika, mithili ya gari lenye gia moja. Ufumbuzi ulipatikana Marekani, ambako mhandisi Frank Caldwell wa kampuni ya Hamilton Standard alibuni rafadha ambayo mapanga yake yanaweza kugeuzwa angani. Kazi hiyo ilituzwa Tuzo ya Collier mwaka wa 1933. Baadaye kikaongezwa kidhibiti mwendo. Msomaji asikifananishe na kile cha matatu: hiki hakimzuii rubani kukimbia, bali hutumia presha ya oili kugeuza mapanga ili injini izunguke kwa kiwango kile kile, ndege ipande au ishuke.

Tuizingatie hiyo oili, kwa maana ndiyo iliyokuja kumponza Hinton.

UKUTA WA SAUTI

Kuna kikomo ambacho hakuna kidhibiti kinachoweza kukiondoa. Ncha ya panga hufanya safari mbili kwa wakati mmoja: huzunguka, na pia husonga mbele pamoja na ndege. Rafadha ya kawaida ya Mustang ina upana wa takriban mita 3.4 kutoka ncha hadi ncha. Injini inapofanya mizunguko 3,000 kwa dakika, gia huipunguza na rafadha ikazunguka takriban mara 24 kwa sekunde. Ncha yake basi huzunguka kwa mita 256 kwa sekunde. Ndege ikiwa inasafiri kwa kilomita 800 kwa saa, sawa na mita 222 kwa sekunde, mwendo halisi wa ncha hufika karibu mita 339 kwa sekunde.

Mwendo wa sauti hewani, kwenye joto la nyuzi 15, ni mita 340 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, ndege ingali mbali na mwendo wa sauti, lakini ncha za rafadha yake zimekwisha kufika. Hapo hewa haipishi tena kwa utaratibu. Hujikusanya na kuzalisha mawimbi ya mshtuko, ukinzani ukapanda ghafla, na nguvu zilizokusudiwa kuvuta ndege zikapotelea katika kelele na joto.

Kelele hiyo si ngeni hapa nchini. Wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, jeshi la anga la Uingereza lilitumia ndege za Harvard kurusha mabomu kwenye misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Injini ya Harvard haina gia ya kupunguza mizunguko. Rafadha huzunguka sambamba na injini, hadi mara 2,250 kwa dakika. Ncha zake hukaribia mwendo wa sauti hata kabla ndege haijashika kasi, ndiposa ndege hiyo ndogo ilikuwa na mngurumo mkali uliosikika kutoka mbali. Harvard zizo hizo, ambazo Wamarekani huziita T-6, zina kitengo chao katika mashindano.

MBINU ZA MAFUNDI

Fundi anayetaka kuongeza mwendo hujikuta kati ya moto na maji. Akiongeza mizunguko ya injini ili apate nguvu, ncha za panga hupita mwendo wa sauti. Akifupisha mapanga ili ncha zipungue kasi, hupoteza eneo la kushika hewa.

Njia moja ni kubadilisha gia. Injini ya Mustang hupunguza mizunguko kwa uwiano wa 0.479, ilhali baadhi ya Merlin ziliundwa na gia za uwiano wa 0.42. Kwa gia hizo, injini inaweza kusukumwa hadi mizunguko 3,400 kwa dakika huku rafadha ikizunguka karibu sawa na ilivyozunguka awali.

Njia ya pili ni kuazima rafadha ya ndege nyingine. Darryl Greenamyer, aliyevunja rekodi ya Wendel mwaka wa 1969 kwa kufikisha kilomita 777 kwa saa, alifunga kwenye ndege yake ya Bearcat rafadha ya Skyraider, ndege nzito ya kushambulia iliyotumiwa na jeshi la majini. Lyle Shelton naye aliokota mabaki ya Bearcat nyingine, akaifunga injini ya lita 55 yenye silinda 18, akaiita Rare Bear. Kwa nyakati tofauti ilitumia rafadha ya mapanga manne na ya mapanga matatu mapana. Mwaka wa 1989 ilifikisha kilomita 850 kwa saa.

Njia ya tatu ndiyo iliyotumiwa na Hinton mzee. Ndege yake, Red Baron, iliondolewa Merlin ikapewa injini ya Griffon yenye rafadha mbili, moja mbele ya nyingine, zikizunguka pande zinazopingana, kama zilizotumiwa kwenye Shackleton, ndege ya Uingereza ya kushika doria baharini. Mapanga sita yaligawana mzigo, na ile nguvu inayotaka kuipindua ndege upande mmoja ikafutwa na rafadha ya pili.

DENI LA KASI

Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Mwezi mmoja baada ya rekodi yake, Hinton alikuwa Reno akishindana wakati injini ya Red Baron ilipoharibika na presha ya oili ikapotea. Bila oili, mapanga yote sita yalilala bapa, yakautazama upepo uso kwa uso. Rafadha iliyokuwa ikivuta ndege iligeuka breki. Ndege ilianguka kabla ya kufika uwanjani ikavunjikavunjika na kuwaka moto. Hinton alivunjika mgongo na mguu, lakini akapona.

Hata rafadha nzima hubeba mzigo wa kutisha. Kila kilo ya metali iliyo mita moja kutoka kitovu, ikizunguka mara 24 kwa sekunde, huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 2,300. Ndiyo sababu fundi hukagua kila mkwaruzo kwenye panga, kwani mkwaruzo huweza kuzaa ufa, na ufa ukalikata panga.

Wengine hawakuwa na bahati ya Hinton. Mnamo Septemba 16, 2011, Mustang iliyoitwa Galloping Ghost iliangukia watazamaji mjini Reno. Rubani Jimmy Leeward, 74, na watazamaji 10 walifariki, na makumi wakajeruhiwa. Wachunguzi walibaini kwamba nati kuukuu zilizochakaa zililegeza kibawa kidogo cha mkiani. Kibawa hicho kilitetemeka kikavunjika, ndege ikapaa ghafla kwa kani iliyofikia takriban mara 17 ya uzito wake, na rubani akapoteza fahamu. Wachunguzi walisema pia kwamba marekebisho yaliyofanyiwa ndege hiyo hayakuwa yamejaribiwa vya kutosha kwa mwendo wa mashindano. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mashindano ya Reno yalifanyika kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mwaka uliofuata mji wa Roswell, New Mexico, ukateuliwa kuwa makao mapya. Mahali pamebadilika, lakini hesabu ya ncha za rafadha haijabadilika.

Hesabu hiyo inamhusu pia abiria asiyejali mashindano. Atakayepanda ndege ya Dash 8 Q400 kutoka Nairobi kwenda Kisumu na achungulie dirishani: ataona rafadha ya mapanga sita yaliyopinda, inayozunguka polepole kuliko ya Mustang. Waundaji wake waliamua mapema kukaa mbali na ukuta wa sauti, wakaridhika na mwendo mdogo zaidi, kelele chache na akiba kubwa ya usalama. Katika mashindano, akiba hiyo ndiyo inayotumiwa kununua kilomita chache za ziada.