Kifaa cha kutafuta samaki: Namna ya kukiunga kwa betri mashuani bila hatari

MABWAWA ya Mto Tana yanayopakana na Kaunti ya Embu hayana kina kinachotulia. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, hufikia mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari linapojaa. Mwaka 2009 ukame ulilipunguza kiasi kwamba kituo chake cha umeme kikafungwa. Mwaka 2024 mvua kubwa zililijaza hadi likafurika. Mahali ambapo mashua ilipita salama msimu mmoja, huenda msimu unaofuata pakawa na mwamba au kisiki karibu na uso wa maji.

Ndiyo maana kifaa cha kutafuta samaki si anasa kwa mvuvi wa Masinga, Kamburu au Kiambere. Mbali na kumwonyesha walipo tilapia na kambare, humjulisha kina cha maji chini ya mashua yake. Mfugaji wa samaki kule Meru, ambaye kidimbwi chake kina kina cha takriban mita moja, hana haja nacho. Thamani yake iko katika maji mapana, ambapo jicho haliwezi kufika chini.

Kifaa hicho hutuma mlio usiosikika na binadamu, kisha husubiri mwangwi wake. Sauti husafiri katika maji kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kwa hivyo, penye kina cha mita 15, mwangwi hurejea baada ya takriban sehemu 2 za mia za sekunde. Kifaa hupima muda huo na kuchora picha kwenye kioo chake. Kazi hiyo haihitaji umeme mwingi, lakini huhitaji umeme usioyumba.

Jambo la kwanza ni kuchagua betri. Vifaa vidogo vingi hutumia umeme wa volti 12. Penye injini inayowashwa kwa betri, ni heri kifaa kiwe na betri yake pekee. Kikitumia ile ya injini kutwa nzima, mvuvi anaweza kukuta injini haiwaki jioni, upepo ukiwa umeanza kuvuma, katika maji yenye mamba na viboko.

Betri iliyofungwa ya ampea-saa 7 yatosha kwa mashua ndogo. Iwapo kifaa kinatumia nusu ampea, na mvuvi hapendi kuimaliza betri kupita nusu, atapata saa 7 za kazi. Betri ya pikipiki pia ni ya volti 12, lakini nyingi zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wakati wa kuwasha injini. Huharibika upesi zikimalizwa mara kwa mara.

Jambo la pili, na ndilo linalopuuzwa zaidi, ni fyuzi. Mafundi wengine huunga waya moja kwa moja kwenye betri kwa kudhani kwamba volti 12 haziwezi kudhuru. Ni kweli kwamba haziwezi kumtikisa mtu kama umeme wa nyumbani. Hata hivyo, waya mwekundu ukichubuka na kugusana na mweusi, betri hutoa umeme mwingi kwa ghafla. Waya hupata moto mara moja, na ndani ya mashua huenda mna dumu la petroli.

Fyuzi hukatika kabla ya waya kuungua. Yapasa kuwekwa kwenye waya mwekundu, ulio wa upande chanya, karibu na betri iwezekanavyo. Umbali usizidi sentimita 20. Ikiwekwa mbali, karibu na kioo, sehemu yote ya waya iliyo kati yake na betri hubaki bila kinga. Vifaa vidogo vingi hutumia fyuzi ya ampea 3, ila kipimo halisi huandikwa katika kijitabu cha maelezo. Fyuzi ikikatika, haifai kubadilishwa kwa kubwa zaidi au kwa kipande cha waya. Kinachotakiwa ni kutafuta kilichoikata.

Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba. Ule wa uzi mmoja mnene, unaotumiwa katika majengo, huvunjika kwa mtikisiko. Unene wa milimita mraba 1.5 watosha kwa mashua ya mita chache. Maungio yabanwe kwa vishikio au yatiwe lehemu, kisha yafunikwe yasipenye maji. Waya upitishwe mbali na nyaya za plagi ya injini, kwani umeme wa plagi huweza kuchafua picha kwenye kioo.

Betri hukaa ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa imara, juu ya maji yanayojikusanya sakafuni. Kipande kinachotuma mlio hufungwa nyuma ya mashua kikiwa kimezama, mbali na povu la rafadha. Katika mashua ya mbao hakiwezi kufanya kazi kikiwa ndani, kwa sababu mbao huzuia sauti.

Kabla ya kung'oa nanga, betri ipimwe kwa mita ya umeme baada ya kupumzika. Takriban volti 12.7 humaanisha imejaa, na karibu volti 12.1 humaanisha nusu imekwisha. Kuichaji kwa paneli ya jua kunawezekana, mradi kuwe na kidhibiti cha chaji na mahali pawe na hewa ya kutosha, kwa kuwa betri za aina hii huweza kutoa gesi inayoshika moto.

Vitu hivi si adimu. Fyuzi, kishikio chake na waya wa nyuzi nyingi hupatikana katika maduka ya vipuri vya magari mijini Embu na Meru, na fyuzi ndicho kitu cha bei ya chini zaidi katika orodha yote. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kwa mvuvi, ukuta huo ni mashua na nyavu zake, na huenda hata uhai wake.