Gesi Ndiyo Hugongana, Si Nyota

Juni 2025, watafiti walioongozwa na Till Sawala wa Chuo Kikuu cha Helsinki walitangaza kwamba uwezekano wa galaksi yetu kugongana na galaksi ya Andromeda katika miaka bilioni 10 ijayo ni karibu nusu kwa nusu. Awali wengi walilichukulia jambo hilo kuwa hakika. Hofu mbili hazijaisha: nyota zitagongana, na shimo jeusi lililo kitovuni mwa galaksi litatumeza.

Ni vigumu mno nyota kugongana. Weka sokoni Walungu, mashariki mwa Kongo, ndimu ya sentimita 5 iwe ndiyo jua. Kwa kipimo hicho, nyota ya jirani ni ndimu nyingine iliyoko Kinshasa.

Inayogongana ni gesi. Siku zote gesi hukizunguka kitovu cha galaksi, na mwendo huo ndio unaoizuia isianguke ndani. Galaksi nyingine ikipita karibu, mvutano wake huipinda ile ya kwanza. Mawingu ya gesi huparamiana, hupungukiwa na mzunguko, kisha huporomokea kitovuni. Huko gesi hutanda ikilizunguka shimo jeusi, ya ndani ikikimbia kuliko ya nje, na msuguano huichemsha mpaka ing'ae kuliko nyota zote za galaksi hiyo. Karibu asilimia 10 ya uzito wa gesi hiyo huweza kugeuka nishati, ilhali haidrojeni ndani ya jua hutoa asilimia 0.7 tu! Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba darubini ya Chandra iliona mashimo meusi mawili yakila gesi kwa pamoja katika NGC 6240, galaksi mbili zinazoungana.

La kwetu, Sagittarius A*, lenye uzito wa majua milioni 4, limekosa gesi, kwa hiyo limetulia. Shimo jeusi halifyonzi kila kitu: jua likibadilishwa na shimo lenye uzito uleule, dunia itaendelea kuzunguka palepale, gizani na kwenye baridi. Kwa hiyo anayetoza watu pesa kwa kinga dhidi ya Sagittarius A*, lililo umbali wa miakanuru 27,000, ni tapeli, na asisikilizwe.

Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo inayoonekana kusini mwezi Desemba mawingu yakiachia, ndilo la kufuatilia. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Durham walikadiria kwamba litaigonga galaksi yetu baada ya miaka bilioni 2.4 na huenda likaliamsha Sagittarius A*.

Wakati wa kiangazi, Julai saa nne usiku, tazama kusini, juu, karibu na mkia wa kundinyota la Nge. Kitovu cha galaksi yetu kiko upande huo, na kutazama ni bure.