Hiba ya Mkubwa kwa Mdogo

Wachezaji wa World of Warcraft, mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2004, wana ada inayonistaajabisha. Mtu humlea mhusika wake, tuseme mpiganaji wa upanga, tangu ngazi ya 1 hadi kileleni. Kisha, badala ya kupumzika, huanza upya na mchawi, halafu mwindaji. Mtu mmoja, jamaa nzima!

Toleo la Wrath of the Lich King la mwaka 2008 lilisogeza kilele kutoka ngazi ya 70 hadi 80, na jamaa yote ikawa na safari mpya. Ndipo wenye mchezo walipoleta vitu walivyoviita urithi. Mkubwa aliyefika juu alinunua vazi la mabegani, akampelekea mdogo kwa posta ya humo humo mchezoni; mdogo akilivaa, ujuzi anaochuma ukazidi kwa asilimia 10.

Sisi tuliosomeshwa mlango wa mirathi chuoni, jina hilo halitukai. Mirathi hungoja mauti, na mkubwa huyu yu hai, kesho anapigana. Hiyo ni hiba, tena mtoaji na mpokeaji ni yule yule.

Ila kinachotolewa hasa ni saa za usiku. Mwaka 2014, walionunua Warlords of Draenor walipewa ruhusa ya kumrusha mhusika mmoja hadi ngazi ya 90 papo hapo. Mimi nisingelimrusha. Mpiganaji huingia pangoni kwa kifua. Mchawi hulipima kwanza kwa mbali, na pango lile lile likawa jingine.