Ng'ombe wa Bariadi na Kichwa cha Mali

Bariadi, mkoani Simiyu, ukitaka kujua uwezo wa mtu, uliza zizi lake. Mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, ada ya shule hutoka mnadani, na shamba la pamba hulimwa kwa plau. Ndiyo maana naamini historia ya neno la Waingereza "cattle", yaani ng'ombe, itaeleweka Simiyu kuliko hata London.

Neno hilo halikuanza na mnyama. Asili yake ni Kilatini "capitale", mali, kutokana na "caput", kichwa. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 waliingia na Kifaransa chao, na humo mali iliitwa "catel". Kwa kuwa mali ya watu wa shamba ilikuwa mifugo, maana ikazidi kubanwa karne baada ya karne, mwisho ikabaki ng'ombe. "Capital", yaani mtaji, limetoka tumbo hilohilo. Sasa tazama rasilimali yetu: ni Kiarabu, ras al-mal, kichwa cha mali! Na Bedui akitaja mal, mara nyingi ana maana ya ngamia na mifugo yake. Mfugaji wa Itilima au Meatu hahitaji kufafanuliwa hilo.

Wanormani hao ndio waliowaachia Waingereza majina mawili kwa mnyama mmoja. Zizini ni "cow", mezani ni "beef". Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Walter Scott, katika riwaya yake Ivanhoe ya 1819, aliieneza hoja kwamba mtumwa alichunga kwa Kiingereza na bwana akala kwa Kifaransa. Hoja ina ukweli, ila mgawanyo haukuwa mkali hivyo: kwa karne kadhaa maneno hayo ya Kifaransa yalitumika hata kwa mnyama aliye hai. Tena "cow" na "beef" ni ndugu, maana yote mawili yanarudi kwenye mzizi mmoja wa kale sana, uliozaa Kiingereza upande mmoja na Kilatini upande wa pili.

Kwa Wasukuma wa huku Bariadi ng'ombe ni ng'ombe, akiwa malishoni au chunguni. Mbuzi wao ni mbuli; Mgikuyu anasema mbũri, Mzulu imbuzi. Jina hilo limesafiri na Wabantu kwa maelfu ya miaka, na mabadiliko ya sauti kama haya ndiyo yanayowawezesha wanaisimu kuifuata njia yao.

Wageni nao wameacha alama, hasa kwenye maneno ya kazi. Dume la mbegu Msukuma analiita nzagamba, kwa lugha yake mwenyewe. Akishahasiwa na kufungwa nira, Kiswahili kinamwita maksai, na hapo kuhasi na maksai vyote ni Kiarabu. Plau anayoikokota ni ya Kiingereza.