Siku moja Lamadi: Mchanga wa ziwa una fedha kwa anayeutunza

MKULIMA wa Bariadi akisikia neno ufukwe, mawazo yake huruka moja kwa moja hadi Dar es Salaam, Bagamoyo au Zanzibar, safari inayokula siku nzima barabarani na nauli ya kwenda na kurudi inayotosha kununua mbuzi.

Kumbe mkoa wake wa Simiyu nao una ufukwe. Uko Lamadi, wilayani Busega, kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, kiasi cha kilomita 70 tu kutoka Bariadi mjini, tena kwa barabara ya lami. Mtu anaweza kunywa chai nyumbani kwake asubuhi, akala sato ziwani mchana, na akawahi taarifa ya habari ya saa 2 usiku akiwa sebuleni kwake.

Makala haya hayakusudii kuwaambia wakulima waache majembe wakaogelee. Yanakusudia kuonyesha kwamba siku moja ya mapumziko ziwani ni biashara ya pande mbili, kwa anayekwenda na kwa anayempokea. Yanakusudia pia kukumbusha kwamba biashara hiyo imesimama juu ya kitu kimoja kinachoweza kupotea, nacho ni mchanga wenyewe wa ufukwe.

Njia ya kwenda

Kutoka Bariadi, magari madogo ya abiria hupita Dutwa na Mkula kabla ya kuingia Lamadi. Njiani ni mashamba ya pamba, mahindi na mtama, ng'ombe wakivuka barabara kwa wakati wanaoutaka wao, na miji ya Wasukuma iliyozungushiwa minyaa. Lamadi ni njia panda. Hapo barabara ya Bariadi inakutana na barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hadi Sirari, mpakani na Kenya. Mabasi husimama, na wachuuzi huyakimbilia na matunda, maji na samaki wakavu.

Kwa wakazi wengi wa Bariadi, ziwa hili lilikuwa la watu wa Mwanza. Na kweli lilikuwa hivyo. Kabla ya Simiyu kutangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na Busega ilikuwa sehemu ya wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Mipaka ilipobadilika, wakulima wa pamba na wavuvi wa dagaa wakajikuta nyumba moja. Lakini mazoea hayabadiliki kwa tangazo la Serikali. Hadi leo wapo watu wazima wa Bariadi waliokwisha kufika Dar es Salaam mara kadhaa na hawajawahi kukanyaga mchanga wa Busega.

Wakati mzuri wa safari ni kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Pamba imevunwa, fedha kidogo ipo mfukoni, mvua haizuii safari, na dagaa hukauka vizuri.

Ziwani

Ukishuka njia panda, bodaboda au miguu itakufikisha ufukweni. Salamu ya asubuhi ni "Mwangaluka", na ukiisema kwa adabu kwa wazee waliokaa chini ya mti, nusu ya safari yako imekwisha kufanikiwa. Nyumba za makuti ya nyasi bado zipo kati ya zile za bati. Miamba mikubwa ya mawe imesimama kana kwamba kuna mtu aliyeipanga, na mitumbwi imevutwa mchangani ikisubiri usiku. Juu ya miti hukaa furukombe, ndege mwenye kichwa cheupe, akivizia samaki kama mvuvi mwingine yeyote. Ng'ambo ya maji, kwa macho, huoni mwisho.

Jina la ghuba hii linatokana na Mwingereza John Hanning Speke, aliyeliona ziwa hili Agosti 1858 akiwa upande wa Mwanza. Mwaka 1875, Henry Morton Stanley naye alipita katika ghuba hii kwa mashua yake akilizunguka ziwa. Lakini wenyeji walikuwa wakivua na kubadilishana samaki kwa nafaka muda mrefu kabla ya wageni hao. Biashara hiyo ya kubadilishana ndiyo inayomhusu zaidi msomaji wa ukurasa huu.

Usiende mikono mitupu

Kosa la msafiri wa Bariadi ni kwenda ziwani na mfuko wa fedha tu. Mvuvi anayelala majini usiku na kulala usingizi mchana hana muda wa kulima sana. Anakula anachonunua. Kuku wa kienyeji, mayai, maziwa ya mgando, choroko, dengu, mtama na viazi vitamu ni bidhaa ambazo Bariadi inazo na mwalo unazihitaji. Michembe na matobolwa, ambavyo kwa mama wa Bariadi ni chakula cha kawaida cha akiba, kwa mvuvi ni chakula kinachoingia mtumbwini bila kuoza.

Basi familia inayokwenda kupumzika na ibebe trei mbili za mayai au debe la choroko. Ikiuza asubuhi, nauli imerudi. Ikinunua dagaa au samaki wa kukaushwa jioni kwa fedha hiyohiyo, imerudi na bidhaa ya kuuza mtaani kwake. Hapo mapumziko yamejilipia yenyewe.

Mwezi na dagaa

Anayetaka dagaa lazima kwanza atazame mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua, na dagaa huufuata mwanga huo hadi wavuni. Ukilala Lamadi usiku wa namna hiyo utadhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena, na wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Mfanyabiashara anayekwenda siku za mbalamwezi hukuta dagaa wachache na bei iliyopanda. Kalenda yenye alama za mwezi ni kitendea kazi cha biashara sawa na mizani.

Jambo la pili ni mahali dagaa walipokaushiwa. Wanaoanikwa chini mchangani hubeba mchanga, na mama wa nyumbani akisikia mchanga kwenye meno hanunui mara ya pili. Wanaoanikwa juu ya vichanja vya nyavu hupigwa na upepo juu na chini, hukauka haraka na hubaki safi. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka huharibika, na mara nyingi huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya chini. Mfugaji wa kuku wa Bariadi anaweza kufaidika na dagaa wa daraja hilo, ila ahakikishe hawana ukungu, kwa kuwa ukungu huua kuku.

Shilingi ya mgeni inakaa kwa nani?

Kilomita chache kutoka Lamadi, kwenye barabara ya kwenda Bunda, lipo lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Upande huu wa magharibi ndiko makundi ya nyumbu hupita kila mwaka, kwa kawaida kati ya Mei na Julai kutegemea mvua. Magari ya watalii hupita Lamadi, na zipo hoteli za kitalii ufukweni. Hata hivyo mtalii aliyelipia kila kitu kabla ya kuondoka kwao hapiti kununua samaki kwa mama lishe.

Mgeni wa Bariadi ni tofauti. Hajalipia chochote. Ana njaa, ana kiu, ana watoto wanaotaka kupanda mtumbwi, na anataka kununua kitu cha kupeleka nyumbani. Tufanye hesabu ya kalamu, si takwimu za mtu yeyote. Tuchukulie kila Jumamosi wanakuja wageni 40, na kila mmoja anatumia sh 8,000 kwa chakula, soda na samaki wa kubeba. Hizo ni sh 320,000 kwa siku moja. Kwa Jumamosi nne ni sh 1,280,000, nazo zinaingia moja kwa moja mikononi mwa wauza samaki, wenye bodaboda na akina mama wa vibandani.

Fedha hizo hazitaki hoteli ya ghorofa. Zinataka kivuli, mabenchi, maji ya kunawa, choo safi na bei iliyoandikwa ubaoni. Mgeni aliyekosa choo hatarudi, hata kama sato alikuwa mtamu. Kikundi cha akina mama watano au sita kinaweza kuanza na kibanda kimoja na choo kimoja cha kulipia.

Kuna mfano wa karibu. Bujora, huko Kisesa mkoani Mwanza, ni mahali palipojengwa juu ya ngoma, nyumba na historia ya Wasukuma, chini ya padri David Clement aliyeanza kazi hiyo katika miaka ya 1950. Hadi leo wageni hulipa kuona mambo ambayo mwanakijiji huyaona kuwa ya kawaida. Mtumbwi unaosukumwa mchangani alfajiri nao ni wa kawaida kwa Lamadi, lakini si kwa mtoto wa Itilima au Meatu.

Tahadhari

Ufukwe wa ziwa si wa bahari. Kichocho kipo katika Ziwa Victoria. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaopenda maji tulivu yenye majani, na huingia mwilini kupitia ngozi. Usioge wala kuruhusu watoto wacheze penye matete na magugu. Aliyegusa maji hayo apime baada ya wiki kadhaa, maana dawa ipo na inaponya. Mamba na viboko nao wapo. Waulize wenyeji mahali salama, na uwasikilize.

Kwenye mtumbwi, kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha. Ziwa hili lilizamisha MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, na katika ajali zote mbili kuzidisha abiria kulitajwa. Mwenye mtumbwi anayekataa kuzidisha watu anajijengea jina, na jina ndilo linalomletea mteja Jumamosi ijayo.

Mchanga si kiwanja

Sasa tuje kwenye hatari kubwa. Mchanga uleule unatakiwa na watu watatu. Mwanikaji dagaa anautaka kwa vichanja vyake. Mgeni anautaka apumzike. Na mwenye fedha kutoka mjini anautaka aujengee ukuta.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maana yake kwa lugha ya kijijini ni kwamba anayekuuzia eneo hilo anakuuzia kesi, na anayeliuza anawauzia watoto wake njia ya kwenda majini. Mwalo ukizibwa, mtumbwi hauna pa kutua, dagaa hawana pa kukaukia, na mgeni wa Bariadi hana pa kukaa. Fedha ya kiwanja huliwa mara moja, lakini ya Jumamosi hurudi kila wiki.

Njia iliyo rahisi ni kugawana kwa mpango. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana mialoni kama BMU, vikae na serikali za vijiji na mitaa, vitenge upande wa vichanja, upande wa mitumbwi na upande wa wageni, na vipange siku ya usafi. Sehemu ndogo ya mapato ilipe anayefagia. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji mkutano na muhtasari ulioandikwa.

Na wewe mkulima wa Bariadi, Maswa au Itilima, msimu huu ukishalipwa pamba yako, tenga siku moja. Beba mayai, beba choroko, beba watoto. Kula samaki kwa mama lishe, nunua dagaa wa kichanja hata kama bei yake imezidi kidogo, na takataka zako urudi nazo. Ukifanya hivyo utakuwa umelinda ufukwe wa mkoa wako na umerudi na mtaji kwenye kapu. Shime, ziwa liko mlangoni.